Kabla Hajatembea

Shemeji yangu Faki alipopewa likizo bandarini, ya kwanza tangu vita vianze, alisema twende Kwale tukapunge upepo wa mlimani. Mdogo wangu Dhahabu, mkewe, alikuwa na lake. Alikaa miaka bila mtoto, mpaka akapanda kwenye pango la huko juu na marashi na ubani, akaweka nadhiri: nikipata, nitamleta hapa kabla hajatembea. Akampata Bakari. Sasa Bakari anasimama kwa kushika ukuta, na nadhiri haijaondolewa.

"Tuanzie pangoni," nikamwambia Faki.

Akacheka. "Dada Mwanakheri, pango halikimbii."

Lori la Likoni lilitushusha asubuhi. Badala ya kushika njia ya pangoni, bwana ataka kuona ziwa. Haya, tukaona ziwa. Maji na matete, basi. Kisha ataka kuona magofu ya ngome ya watu wa zamani. Nilitaka kumpasha, Dhahabu akaninyamazisha kwa jicho. Yeye mumewe hamjibu. Akamtua mtoto kando ya ukuta wa ngome ili ajifunge kanga vizuri.

Bakari akasimama. Akauachia ukuta, akaenda peke yake mpaka miguuni mwa babake.

Faki akapiga makofi kwa furaha. "Rudi kwa mama, kisha uje tena, baba."

Dhahabu akamnyakua mtoto, akamkalisha chini kwa nguvu hata akalia. "Hajatembea," alisema. "Mmeona nini nyinyi? Hajatembea."

Faki alimtazama mkewe. Kisha akampandisha Bakari begani, akatangulia njia ya pangoni.

Pangoni tulimkuta bibi mtunzaji. Tukamwamkia, akaitikia, akatuambia tuvue viatu. Akapokea marashi na ubani, akamtazama mtoto.

"Kashatembea huyu?"

Dhahabu akajifunika uso kwa kanga. Nami, ninayesifika kwetu Mtongwe nzima kwa maneno, nikainama nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Bado, bibi," akasema Faki. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye baridi ile.

Bibi akatupisha tuingie. Huko begani Bakari alikuwa akirusha miguu, ataka kushuka. Faki akaishika yote miwili, na hakuiachia mpaka tuliporudi Likoni.