Majeraha Kumi na Moja

Opicho alimuua mkewe Triza mchana wa Jumanne, saa nane, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo na dirisha likiwa wazi. Walikuwa wakiishi chumba kimoja cha mabati huko Mukuru kwa Njenga, na ukuta wa mabati hauzuii hata kikohozi. Watu walisikia. Walimsikia Triza akimwita mama yake, kisha akiwaita majirani kwa majina, mmoja mmoja, kisha akimbembeleza Opicho kwa jina la utani alilompa zamani walipokuwa wachumba. Mwanamume wa chumba cha pili aliongeza sauti ya redio. Opicho alikuwa mchuna ngozi za mbuzi kwenye machinjio ya Kiamaiko, na alitumia kisu chake cha kazi. Daktari aliyeukagua mwili alihesabu majeraha kumi na moja.

Dada mkubwa wa Triza, Lorine Makokha, alikuwa kiwandani, mwendo wa dakika kumi kutoka hapo, akitoa mabeseni ya plastiki kwenye mashine yakingali moto. Simu ilitetema mara mbili mfukoni mwa aproni yake. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuipokea.

Lorine alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, na mtaa wa Jericho alikokulia ulimjua kama "yule wa mashairi." Alianza kuandika hapo hapo kiwandani, juu ya vipande vya maboksi alivyovikata na kuvificha ndani ya sidiria. Aliandika jinsi alivyoongea, Kiswahili na Sheng ya mitaani na Kiluhya cha mama yake vikigombania mstari mmoja. Aliandika kuhusu wanawake wa zamu, mimba zilizoharibika wakiwa wamesimama kwenye mashine, vidole vilivyokatika, na wanaume waliobeba matusi ya bosi mpaka nyumbani wakayashusha kwenye mbavu za wake zao. Mhariri mmoja wa mjini alimrudishia mashairi hayo akiwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: *Hii si lugha.* Lorine akakaa mwaka mzima bila kuandika neno.

Aliyemfufua ni Filsan, mwanamke aliyeendesha vikao vya mashairi Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa. Filsan alimletea kurasa za fotokopi za mshairi wa Marekani, mwanamke mwenye asili ya Meksiko aliyejiita Chicana. Mshairi huyo alianza mstari kwa Kiingereza akaumaliza kwa Kihispania, wala hakusimama kumfafanulia mtu.

"Nusu yake sielewi," Lorine alisema.

"Unaona amekuomba msamaha?" Filsan akamuuliza.

Lorine alizisoma zile kurasa mpaka zikachanika kwenye mikunjo. Akarudi kwenye maboksi yake.

Triza alizikwa kijijini kwao, upande wa Kakamega. Mhubiri aliwaambia waliofiwa wasamehe, maana shetani alikuwa amemwingia kijana wa watu. Baada ya miezi minne mahakama ilimwachilia Opicho kwa dhamana. Lorine hakuambiwa na mtu. Alimkuta tu sokoni Jericho, ameinama kwenye meza ya mama mmoja, akibonyeza nyanya kutafuta zilizo ngumu.

Opicho aliinua macho. "Niaje, shemeji," akasema, akarudi kwenye nyanya zake.

Lorine akaenda nyumbani, akaandika kwa siku tatu.

Lilikuwa shairi la beti kumi na moja. Kila ubeti ulikuwa jeraha moja, na katika kila jeraha mlikuwa na mtu na alichokuwa akifanya wakati kisu kinaingia, kabla yake au baada yake.

*Jeraha la tatu. Jirani anageuza chapati.*
*Anasikia. Anageuza tena.*

Hakumficha mtu. Mwanamume wa redio alikuwemo. Mhubiri alikuwemo. Katika ubeti wa nane alijiweka mwenyewe: *Lorine ako shift. Simu inamgonga nyonga. Anaiacha ilie.* Na ubeti wa mwisho ulikuwa wa mama yao, Annah.

Maana wiki moja kabla ya kifo chake Triza alikuwa amekimbilia kwa mama yao Jericho, sikio moja limevimba halisikii, na mama yake akamrudisha kwa mumewe. Lorine alikuwa kazini. Aliporudi jioni aliambiwa tu kwamba dada yake amerudi kwa mumewe.

Lorine alimsomea mama yake shairi lote kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliona ni haki yake kuwa wa kwanza kuusikia ubeti ule. Annah alikuwa jikoni akikoroga mboga. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

"Hiyo kitu utaisoma mbele ya watu?"

"Nitaisoma, Mama."

"Mimi ndiye nilimzaa."

"Na wewe ndiye ulimrudisha."

Annah aligeuka na mwiko mkononi akampiga nao usoni. Mchuzi wa moto ulimrukia Lorine shingoni, na kabla hajajifuta pigo la pili likampata sikioni, la tatu kwenye kifundo cha mkono. Annah alipiga akihema kwa pua, mpaka mwiko ukavunjika. Lorine hakuinua mkono. Alijua kwamba akimgusa mama yake siku hiyo angemuumiza. Annah akatupa kijiti kilichobaki, akajitanda leso, akaenda kukaa kwa mwenzake wa kanisani. Hakurudi wiki hiyo.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja wanawake wa kiwandani wakiwa na aproni zao, wauza samaki, wasusi, hata majirani wawili kutoka Mukuru ambao Lorine alikuwa amewataja. Alisimama mbele bila kipaza sauti, shingo ikiwa na malengelenge, akaanza. Akasoma majeraha manne.

Opicho aliingia kwa mlango wa pembeni. Kisu chake kilikuwa polisi, kwa hiyo alikuja na kipande cha bomba la chuma. Lorine alimwona, na jambo ambalo hakulielewa hata baadaye ni kwamba aliendelea kusoma. Alikuwa ametamka maneno mawili ya jeraha la tano bomba lilipompata mdomoni.

Alisikia taya likivunjika, mlio mkavu ndani ya kichwa chake. Alianguka kwa magoti. Pigo la pili lilishuka begani, na la tatu lingemmaliza, maana Opicho alikuwa ameliinua kwa mikono miwili.

"Nitaje tena!" alikuwa akipiga kelele. "Nitaje tena, malaya wewe!"

Filsan alimpiga kwa kiti mgongoni. Kiti kikavunjika. Opicho akageuka kumkabili, na hapo ukumbi mzima ukainuka. Wanawake walimwangukia kwa viti, kwa viatu, kwa kucha. Muuza samaki mmoja alimng'ata mkono uliokuwa na bomba mpaka akaliachia. Walimburuta nje kwa nywele na kwa miguu, shati likamtoka, na pale uani wakaanza kumpiga upya kwa mawe ya ujenzi. Sauti ya mwanamume ikapaa kutoka barabarani: "Leteni petroli! Leteni tairi!" Vijana walikuwa wameshatoa simu zao wakirekodi.

Lorine alijikokota hadi mlangoni. Kinywa kilikuwa kimejaa damu na vitu vigumu, akavitema akaona ni meno. Alimtazama Opicho chini, jicho moja limefumba, mguu umekunjika upande usiofaa, akimwita mama yake. Lorine alitaka afe. Hata alipoulizwa na wakili siku za baadaye, hakudanganya kuhusu hilo. Alitaka afe taratibu na alitaka awe karibu aone.

Kisha akamwona mama yake. Annah alikuwemo ukumbini muda wote, nyuma kabisa, leso imefunika uso. Sasa leso ilikuwa imeanguka. Alikuwa amesimama juu ya kichwa cha Opicho na jiwe la ukubwa wa kibuyu, ameliinua kwa mikono yote miwili, na watu walikuwa wamempisha.

Lorine hakuweza kupiga kelele, taya lilikuwa likining'inia. Alimrukia. Alimkumba mama yake kifuani wakaanguka pamoja, na jiwe likatua juu ya mkono wa Opicho, likasaga vidole vyake.

"Niache!" Annah alimpiga ngumi za mgongo. "Lorine, niache nimmalize!"

Lorine alimkumbatia kwa nguvu zote alizobaki nazo. Hakuwa akimwokoa Opicho. Aliziona zile simu, akamwona mama yake mwenye miaka sitini akizeeka gerezani kwa sababu ya mtu yule, na hilo hakulikubali. Walilala hivyo vumbini, damu ya mmoja ikilowesha nguo ya mwingine, mpaka polisi walipofika wakifyatua risasi hewani.

Dhamana ya Opicho ilifutwa Jumatatu iliyofuata. Mwaka uliofuata, baada ya majirani watano kutoa ushahidi, pamoja na mwanamume wa redio, jaji alimhukumu kifungo cha miaka thelathini na mitano. Lakini kabla ya hukumu, kulikuwa na jambo la shairi.

Madaktari walilifunga taya la Lorine kwa waya. Kwa wiki saba alikunywa uji kwa mrija na kuongea kwa kuandika. Annah alirudi nyumbani, akamkorogea uji huo, akamwosha. Wanawake walikuwa wakimsimamisha Filsan njiani: walisikia majeraha manne, na yale mengine? Mwishowe Filsan akapanga Jumamosi nyingine. Alikuja nyumbani kuuliza nani asome.

"Mimi," Annah akasema.

Annah aliishia darasa la nne. Alisoma akifuata maneno kwa kidole, na pale penye Sheng alijikwaa, akarudia. Alisoma la tano, la sita, la saba. La nane alilisoma bila kumtazama binti yake aliyeketi safu ya mbele. Alipofika la kumi na moja alirudisha kidole mwanzo wa mstari, kisha akasoma:

*Jeraha la kumi na moja. Mama yangu anampa nauli.*
*Anamwambia: rudi kwako, mwanamke huvumilia.*

Akaishusha karatasi.

"Hapa ameandika vibaya," akasema. "Hajui, hakuwepo. Sikumpa nauli. Nilimpigia Opicho simu aje amchukue. Triza alipomsikia mlangoni aliingia chini ya kitanda. Mimi ndiye niliinama. Nilimvuta kwa mguu."

Lorine alikuwa bado amefungwa waya kinywani. Akainuka, akaichukua karatasi mkononi mwa mama yake, akaomba kalamu kwa Filsan. Aliiweka karatasi juu ya meza, akakata mistari miwili, akaanza kuandika upya.

Annah alikuwa amesimama palepale, akimsubiri.

"Umeandika mguu?"

Lorine akatikisa kichwa kukubali.

"Andika pia alishika chuma cha kitanda," Annah akasema. "Andika ilibidi nimbandue vidole."

Lorine akaandika.