Kila Mtu na Kazi Yake Ndani ya Nyakeru

Gathogo alikuwa na van nyeupe ya watu wanane aliyoiita Nyakeru, na ukiisema vibaya alikununia siku tatu. Mwenyewe alijua ilivyooza. Wee, alijua sana! Lakini badala ya kuipeleka kwa fundi wa bodi, aliwagawia watu wake kazi. Mlango wa kuvuta, uliokataa kufunga tangu mwaka juzi, ulikuwa wa kijana wake Lenny, aliyeushikilia kwa kamba safari nzima. Sakafu ya nyuma ililiwa na kutu mpaka lami ikawa inaonekana, basi mkewe, Waruguru, alikuwa akikanyaga ubao uliofunika tundu usiruke. Walizoea hivyo. Jumapili waliimba kutoka Ruiru hadi kanisani, kila mtu ameshika chake, na Gathogo kwenye usukani akijiona baba aliyebarikiwa.

Sasa Kaluki, mke wa Lenny, alikuwa amejifungua msichana huko Thika, na mtoto akapewa jina la nyanya yake, Waruguru, kama ilivyo desturi. Siku ya kutoka hospitali Gathogo aliiosha Nyakeru hadi magurudumu. Hakukubali mjukuu wa kwanza aletwe nyumbani na gari lingine.

Kaluki alipewa kiti cha katikati, pahali pa heshima. Shida ni kwamba sakafu ilikuwa imeoza kuzunguka bolti za kiti hicho, kikawa kinayumba. Gathogo akapanga haraka, kama kawaida yake.

"Lenny, kaa nyuma ukishike kiti kisisonge. Mama Lenny, ubao wako. Kaluki mama, wewe leo utatusaidia na kamba ya mlango."

Kaluki aliitazama kamba, kisha akamtazama mtoto aliyelala mikononi mwake.

"Sawa, Baba," alisema. "Na mtoto nitamshika na mkono gani?"

Aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Hapo wote wakaanza kujipanga upya. Lenny akasema kiti atakishika kwa goti na kamba kwa mkono. Waruguru akasema ubao unaweza kukaliwa na mfuko wa nguo, yeye ashike mlango. Walisema mbio mbio, wakicheka kidogo, na Gathogo akaelewa: walikuwa wanamfichia aibu. Mtoto wa siku tatu yuko hapo, na wao wanamhurumia mzee na gari lake. Moyo ulimuuma, akajichukia kabisa.

"Shukeni," alisema. "Hii gari ni mbovu. Nimejua siku nyingi na nikanyamaza. Lenny, ita teksi."

Walishuka. Teksi ilipofika, Gathogo akamfungulia Kaluki mlango, kisha akageuka kurudi kwenye van, aiendeshe mwenyewe pole pole hadi kwa fundi. Waruguru akamzuia na kumpokonya ufunguo.

"Unaenda wapi?"

"Si niko peke yangu? Simbebi mtu."

"Umesema haifai kumbeba Waruguru mdogo. Basi haikufai na wewe. Au unadhani wewe si mtu wetu?"

Gathogo alitoa simu mfukoni. Alimpigia simu fundi Kiama pale Ruiru, akamwomba aje na gari la kuvuta.

"Iko na shida gani?" Kiama aliuliza.

Gathogo alizoea kujibu kwamba ni rangi kidogo tu. Safari hii alitaja yote: sakafu, bolti, mlango. Teksi ilimngoja, na hakuna aliyemharakisha.

Kiama akauliza tena. "Mzee, na hiyo ulikuwa unabeba nani?"

"Watu wangu wote," alisema Gathogo, na machozi yakamtoka mchana kweupe.