Kura ya Lugha ya Mitambo

Karakanani walimwita Bi Nyaya, na jina likamganda. Miaka ile kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya mitambo, na kila moja ilijiona ndiyo yenyewe. Kipimo cha tangi cha kampuni hii hakikuweza kuiambia pampu ya kampuni ile kwamba maji yamejaa. Pampu inasukuma tu, maji yanateremka ngazi hadi kwa mlinzi, na mlinzi anapanda ghorofa zote akitukana. Wenye majengo walianika mazulia yao na kudhani ndiyo maendeleo.

Bi Nyaya alitunga lugha ya wote. Nyaya mbili tu. Kila mtambo una namba yake, unaulizwa kwa zamu, unajibu kwa kifupi. Aliitungia kwenye meza ya kulia chakula, masufuria yakisubiri kuoshwa, huku mumewe akimshikia nyaya na kumtania kwamba ameoa mwanamke anayeongea na pampu zaidi kuliko na yeye. Mumewe alikuwa mhandisi wa lifti katika kampuni nyingine, na kazi alikuwa anaijua. Siku pampu ilipojizima yenyewe baada ya kusikia kipimo, alimkumbatia akasema hajawahi kuona kitu safi kama kile.

Hatimaye makampuni yalichoka kugombana, yakaamua kuchagua lugha moja. Zilibaki mbili: ya Bi Nyaya, ambayo yeyote angeitumia bure, na ya kampuni kubwa, ambayo haikufanya kazi bila kisanduku kinachouzwa na kampuni hiyo hiyo. Lugha ya Bi Nyaya ikianguka, karakana yake ingefungwa, kwani nani angenunua vifaa vinavyosema lugha iliyokataliwa? Kila kampuni ilituma mhandisi mmoja. Kampuni ya lifti ilimtuma mumewe, na bosi wake akamwambia aamue mwenyewe.

Asubuhi ile mumewe alipokuwa akipiga pasi shati, Bi Nyaya hakumwomba kitu. Aliona kumwomba ni kumtukana.

"Wanaounga mkono pendekezo la kwanza, la nyaya mbili," alisema mwenyekiti wa mkutano, mzee mnene aliyekuwa na haraka ya chakula cha mchana.

Mikono ikainuka. Mtu wa taa, mtu wa pampu, wengine wawili. Mumewe alikuwa anaangalia glasi yake ya maji. Bi Nyaya akadhani hajasikia, akakaribia kumwita kwa jina la nyumbani mbele ya watu wote.

"Pendekezo la pili." Mikono ikawa sawa na ile ya kwanza. Ya mumewe bado ilikuwa mezani.

"Na wewe wa lifti?"

"Sina upande, mwenyekiti."

Basi mwenyekiti akakata shauri mwenyewe. Alisema kampuni kubwa angalau haitafungwa kesho, watu wakacheka, na mambo yakaisha hapo. Bi Nyaya alikusanya nyaya zake za maonyesho.

Nyumbani mumewe alitangulia kupasha chakula, kitu ambacho hakuwa na kawaida nacho. Akampakulia, akamsogezea kiti.

"Kula, mke wangu. Sikukupinga. Nilinyamaza tu."

"Ile ya kisanduku ndiyo uliyoona bora?"

"Ile? Takataka ile?" Alicheka kidogo, akaona hachekewi. "Yako ndiyo bora. Kila mtu mle ndani anajua."

"Kwa hiyo ningekuwa mtu baki, mwanamke wa karakana usiyemjua kabisa, ungeinua mkono?"

Mumewe hakuwa mwongo. Alifikiri kwanza, kijiko kikiwa hewani.

"Ningeinua. Tena wa kwanza. Lakini wewe ni mke wangu, wangesema nimekupendelea. Ningeuweka wapi uso wangu?"

Alitegemea kueleweka, ilionekana usoni mwake kwamba anajiona mwaminifu. Bi Nyaya alimtazama mwanamume huyo ambaye yeye alimzalia watoto na kumshonea vifungo, na kwa mara ya kwanza akatamani wangekuwa hawajawahi kujuana. Mwanamke yule wa karakana, asiye na mume mle ndani, angekuwa ameshinda.

"Kula na wewe," alimwambia. "Chakula kinapoa."