Fisi Aliyeitwa Sikitu

Bibi Veneranda alikishika kitabu changu kwa ncha za vidole, kama mtu anavyomshika mkia panya aliyenaswa mtegoni, akakiinua ili wazazi wote wakione.

"Mjukuu wangu Theodora amekuja nacho nyumbani," alisema. "Humu mna mtoto anaongea na fisi, na fisi anamjibu. Naomba mwalimu atueleze anawafundisha nini watoto wetu."

Kilikuwa kikao cha wazazi katika shule yetu ya msingi pale Gongoni, Tabora. Watu wazima walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Nilisimama mbele yao bila wasiwasi. Nilijua nilichokiandika.

Nilikuwa nimekiandika likizo kwa likizo, kwa sababu wanafunzi wangu wa darasa la nne walichoshwa na hadithi za kurasa mbili zinazoishia kwenye maswali. Walitaka kitabu chenye sura, cha kukiacha leo na kukiwaza mpaka kesho. Nikawapa Kalunde, mtoto mchunga mbuzi, na rafiki yake fisi, ambaye alipoulizwa jina alisema anaitwa Sikitu, maana ndivyo alivyoambiwa na kila aliyekutana naye. Sikitu alikuwa mpole, anachechemea, na alikuwa na jambo moja tu la kujivunia: babu zake walifuata nyuma ya misafara tangu Ujiji mpaka pwani, na wao peke yao ndio waliokumbuka majina ya wapagazi walioanguka njiani. Janvi, rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya shule, alimchora na mgongo wake ule wa kuteremka, kisha akanichapia nakala za kutosha darasa. Watoto walizisoma mpaka pembe zikalegea.

"Kwa nini fisi, mwalimu?" aliuliza baba mmoja. "Sungura hayupo?"

Watu wakacheka, lakini si sana. Kwetu huku kila mtu amekua akisikia kwamba wachawi humpanda fisi wakienda kwenye mambo yao.

"Nilimchagua kwa sababu hakuna anayemtaka," nikajibu. "Urafiki na sungura ni rahisi."

Jibu lile halikumtosha mtu. Jioni hiyohiyo kundi la wazazi la WhatsApp lilifurika: Mwalimu Mektilda ana mambo yake, Mwalimu Mektilda anafuga fisi. Wengine waliomba watoto wao wahamishiwe mkondo mwingine. Mwalimu mkuu, Adriano, mtu mwema anayechukia kelele, akaniita ofisini.

"Kiondoe kwa sasa," alisema. "Yakipoa tutaona."

"Nipe mpaka kikao kijacho, mwalimu. Wamekikataa bila kukisoma."

Akapangusa miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akakubali.

Kesho yake, baada ya vipindi, nilikwenda kwa Bibi Veneranda. Nilimkuta uani akibangua karanga, ungo mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Hakunipa kigoda, wala hakunifukuza. Nikakaa kwenye ukingo wa baraza. "Nimekuja kukusomea," nikamwambia. "Ukishasikia chote, ndipo ukikatae vizuri."

"Soma," akasema, kama mtu anayemwambia fundi haya, tuone.

Nikasoma siku ile, na siku zilizofuata. Theodora alikaa nyuma ya bibi yake, midomo ikitangulia maneno yangu, maana alikuwa amekariri. Bibi hakuwa msikilizaji mwepesi. Sikitu aliposema uongo mdogo, alisonya. Kalunde alipomgawia ugali wake, alinung'unika kwamba watoto wa vitabuni hawana njaa. Lakini siku nilipochelewa, nilikuta kigoda kimeshawekwa.

Tukafika sura ya saba. Mto umejaa, Kalunde ana mtihani ng'ambo, na Sikitu anainama ampande mgongoni. Ndiyo sura niipendayo kuliko zote, na niliisoma kwa raha. Niliponyanyua macho, mikono ya Bibi ilikuwa imesimama juu ya ungo.

"Theodora, kalete maji."

Mtoto alipoondoka, akanieleza. Wakati huo yeye alikuwa na umri wa Theodora, wakiishi na wazazi wake karibu na Bukene. Ndama wa jirani walikufa. Mtu mmoja akasema ameona nyayo za fisi mlangoni kwao. Wa pili akasema amemwona mama yake Bibi mgongoni mwa huyo fisi.

"Alimwona?" nikauliza.

"Usiku, hakuna mwezi. Alimwona." Akachukua karanga, akaitazama, akairudisha. "Wakachoma nyumba. Tulipanda treni kuja Tabora na nguo tulizovaa. Mama hakurudi kwao tena, hata kumzika baba yake."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Ningeweza kuifuta sura ile palepale, Kalunde akavuka kwa mtumbwi, na hakuna mtoto ambaye angelalamika. Nililipima jambo hilo, na nikaona wazi ninasimama wapi.

"Bibi, siifuti," nikasema. "Nikimshusha yule mtoto mgongoni, nitakuwa nimewakubalia waliochoma nyumba yenu."

Akarudisha mikono kwenye karanga.

"Nimekwambia ufute? Nimemtuma mtoto maji. Endelea kusoma."

Katika sura ya kumi na moja watu wanamjia Sikitu na marungu, na Kalunde anasimama katikati. Anawaambia alichokiona kwa macho yake, na anamtaja kwa jina mtu aliyemzulia Sikitu uongo.

"Aliogopa?" Bibi akauliza.

"Sana."

"Na akasema."

"Akasema."

Akaupepeta ungo, maganda yakaruka na upepo.

Katika kikao cha pili, Mwalimu Adriano alikuwa hajamaliza salamu Bibi Veneranda aliposimama. Kitabu alikuwa amekikumbatia kifuani.

"Huyu fisi simpendi," alisema. "Mlafi, na anaongea sana. Lakini nimesomewa kitabu mpaka mwisho. Kuna watu wanakuja na marungu, na mtoto mmoja anasimama anasema hapana." Akakishusha kitabu. "Siku ya mama yangu, hakuna aliyesimama. Nataka Theodora akisome. Na wenu wakisome."

Akaketi. Baba wa sungura akainamisha kichwa. Wazazi wawili walishikilia msimamo wao, na watoto wao wakahama mkondo, siwalaumu. Waliobaki waliniachia kitabu changu jinsi kilivyo, sura ya saba ikiwemo.

Kikao kilipokwisha nilitoka nikasimama mlangoni. Bibi Veneranda na Theodora walikuwa wameshashika barabara. Mtoto alikuwa anasoma huku anatembea, pua imezama kwenye kurasa, na bibi yake amemshika bega, akimvuta kidogo kushoto, kidogo kulia, baiskeli zipite.