Robo Mzunguko

Elroy Behrens alisimama kwenye tope la zizi kabla hakujapambazuka, bunduki ya marehemu mkewe begani, akabonyeza kitufe cha tochi iliyobanwa kwenye bunduki hiyo. Giza. Akabonyeza tena, safari hii kwa hasira, kana kwamba tochi ni mtu wa kutishwa. Giza lile lile. Hatua arobaini mbele yake koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa kule, alikuwa akiburuta kitoto cha mbuzi kuelekea kwenye uzio. Kitoto kilikuwa kikilia, kisha hakikulia tena.

Alifyatua hewani. Ndilo pekee aliloliweza. Mtu hapigi risasi gizani kwenye zizi la mbuzi wa sufi mia mbili, labda awe amechoka kufuga.

Kulipokucha alimpigia simu binti yake, Darla, aliyekuwa akiishi San Antonio, kwa sababu alikuwa amemwahidi kusema ukweli. Sauti ilimtoka ikikwaruza. Hakuwa ameitumia tangu Jumapili kanisani, na hiyo ilikuwa Jumatano.

"Hicho cha ngapi sasa, Baba?"

"Cha tano."

"Na Mama alipokuwepo?"

Verna ndiye aliyekuwa mlinzi. Elroy alikuwa mtu wa kunyoa sufi, kuzalisha na kukwangua kwato, lakini jicho na shabaha vilikuwa vya mkewe, na koyote wa wilaya nzima walilijua hilo. Tangu azikwe mwezi wa Novemba, Elroy alikuwa akilinda kwa honi ya gari na tochi ya mkononi. Ile bunduki hakuwa na moyo wa kuigusa. Leo ndiyo kwanza ameiteremsha ukutani, na imemwaibisha.

"Basi sikiliza," Darla akasema. "Jumamosi nakuja na tela. Kikiliwa hata kimoja kabla sijafika, mbuzi wanakwenda mnadani na wewe unaondoka na mimi. Chumba kipo, zulia lipo. Kisipoliwa, sitaligusia tena jambo hili mpaka uligusie mwenyewe. Nipe neno lako."

"Una roho ngumu wewe."

"Nimeirithi. Neno lako, Baba."

Akampa. Kile chumba alikijua: dirisha lake linatazama ukuta wa gereji ya jirani. Alilala humo siku tatu baada ya mazishi na hakusikia hata kwato moja. Mtu anaweza kufa mahali kama pale na asijue kama amekwisha kufa.

Akaendesha gari nusu saa hadi mjini, kwenye duka la Chema Olivarez, fundi bunduki, kununua betri. Chema alikuwa anakula tortila, chapati ya Kimeksiko, yenye mayai juu ya kaunta, mdomo umejaa, na hilo halikumzuia kusema.

"Mzee Elroy. Nilidhani umeshahamia mjini kulala kwenye zulia."

"Hata wewe umeambiwa?"

"Darla alimwambia mke wa mchungaji. Sasa hata mbwa wa mitaani wanajua. Unahitaji nini?"

"Betri za tochi. Hizi zimekufa."

Chema akajifuta vidole kwenye suruali, akaipokea bunduki, akahakikisha haina risasi. Tochi ilikuwa imebanwa ubavuni mwa kishikio cha mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika, kitufe kikiwa nyuma yake kwenye kifuniko cha kuzungusha. Chema akakishika kile kifuniko, akakizungusha kidogo tu, robo mzunguko, akabonyeza. Ukuta mzima wa duka ukawa mweupe.

"Betri hazina kosa," akasema. "Bi Verna ndiye aliyeilegeza. Unakikumbuka kile kiti cha gari?"

Nani asiyekikumbuka? Miaka kumi na moja iliyopita Verna aliitia bunduki kwenye mfuko wake, mfuko ukakilalia kitufe, tochi ikawaka humo ndani kimyakimya hadi ikatoboa mfuko na kuunguza kiti tundu la ukubwa wa yai. Elroy aliibeba hadithi hiyo kwenye kila harusi na kila karamu ya nyama choma. Mke wangu, alikuwa akisema, ndiye mwanamke pekee Texas nzima aliyewinda kiti.

"Alikuja hapa wiki ile ile," Chema akaendelea. "Nikamfundisha. Ukiiweka, legeza robo, haitawaka hata ukiikalia. Ukiichukua, kaza robo. Hakukwambia?"

"Mimi nilikuwa nacheka," Elroy akasema.

Alikitazama kile kifuniko. Verna aliitundika bunduki mara ya mwisho mwezi wa Oktoba, siku mbili kabla ya kupelekwa hospitali. Nguo zake zilikuwa zimekunjwa na Darla. Jiko lilikuwa limepangwa upya na akina mama wa kanisa, kwa nia njema, mpaka leo hajui chumvi iko wapi. Katika nyumba nzima, ile robo ndiyo iliyokuwa imebaki kama vidole vyake vilivyoiacha, na Chema ameizungusha kwa vidole vyenye mafuta ya mayai, chapuchapu, kama mtu anayefungua soda. Maji yakimwagika hayazoleki. Elroy hakumlaumu, angemlaumu kwa lipi? Lakini aligeuka, akasoma tangazo la chakula cha mifugo hadi mwisho.

"Tena iko nyuma mno kwako," Chema akasema. "Aliipanga kwa mkono wake mfupi. Ngoja nikusogezee mbele, dakika mbili tu."

Alikuwa ameshachukua ufunguo wa skrubu. Juu ya skrubu ya kibano palikuwa na mstari mwembamba wa rangi, unaoanzia kichwani mwa skrubu na kuishia kwenye kibano chenyewe. Watu wa kule hufanya hivyo: skrubu ikilegea mstari unakatika, nawe unajua. Wengi hutumia kalamu ya rangi. Verna alitumia rangi yake ya kucha, ile nyekundu ya machungwa aliyokuwa akiipaka kila Jumamosi jioni.

"Usiguse," Elroy akasema, kwa ukali ambao haukukusudiwa.

Chema akauweka ufunguo chini. Elroy alipaswa kuondoka hapo, lakini akabaki saa nzima akizungumzia mvua isiyonyesha na bei ya sufi, na Chema, ambaye mdomo wake ni mrefu lakini moyo wake ni mpana, akaiacha tortila ipoe.

Alhamisi alfajiri Elroy alikaza robo, akaishika bunduki alivyokuwa akiishika Verna, kiwiko kimekunjwa kama bawa la kuku. Koyote alipoingia na kunyakua kitoto, Elroy alikibonyeza kitufe hadi kikatoa mlio, ili tochi ibaki inawaka, akageuka kumfuata. Lakini mazoea yana tabu. Mkono wake wa kushoto, uliokwisha kushika bunduki nyingine miaka hamsini, ukateleza mbele kwenda mahali unapopajua, ukaifunika tochi. Nuru yote ikaishia kiganjani. Akaona nyama ya vidole vyake ikiwaka nyekundu, vidole vya mzee, peke yake gizani anaumulika mkono wake mwenyewe.

Alipoutoa, koyote alikuwa amekidondosha kitoto na kupenya chini ya uzio. Kitoto kilikuwa hai, sikio moja limechanika. Elroy alikipaka dawa, akakirudisha kwa mama yake, akaziba tundu la uzio akijua kabisa litachimbwa lingine. Bahati haigongi hodi mara mbili mfululizo. Kesho kingeliwa.

Mchana huo akaketi kwenye meza ya jikoni na bunduki. Aliuchelewesha ufunguo wa skrubu kwa kunywa vikombe vitatu vya kahawa. Mwisho akauzungusha, mstari ukakatika kwa mlio mdogo, na punje za rangi zikaanguka mezani. Hakuzipuliza. Akaisogeza tochi mbele nafasi tatu, akajaribu, dole gumba likaangukia kitufe bila kutafuta. Akaweka tone la gundi kwenye skrubu, akakaza.

Kisha akaenda bafuni. Kichupa kilikuwa kwenye droo, rangi imeganda kama asali ya baridi, akakilaza kwenye maji ya moto mpaka ikalegea. Hajawahi kupaka rangi ya kucha maishani mwake. Kidole chake kilikuwa kinene kuliko brashi yenyewe, na mstari ukatoka mnene, umepinda, na rangi nyingine ikamwagikia kwenye dole gumba. Verna angecheka hadi akae chini. Na alistahili kumcheka. Elroy alikuwa amemcheka miaka kumi na moja.

Ijumaa koyote alirudi, kama mtu anayerudi kuchukua deni lake. Elroy alikuwa amekaza robo. Dole gumba likabonyeza, na macho mawili ya kijani yakasimama kwenye mwanga, karibu na hori la maji. Akafyatua mara moja. Mbuzi wakaruka, wakakimbia, wakatulia. Elroy akageuka nyuma kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu.

"Nimempata, Verna," akasema hata hivyo.

Jumamosi Darla alifika na tela. Alihesabu vitoto yeye mwenyewe, mara mbili, maana hamwamini mtu. Alisimama sana kwa yule mwenye sikio lililochanika, lakini makubaliano yalihusu kuliwa, si kung'atwa. Ndani ya nyumba akaiona bunduki mezani, akauinamia ule mstari uliopinda.

"Hii rangi ya Mama. Nani kapaka?"

"Mimi."

"Vibaya hivi?"

"Na dole gumba nimelipaka. Halitoki."

Darla akaushika mkono wa baba yake, akalitazama lile dole jekundu. Saa tisa aliondoka. Tela tupu liligongagonga barabarani, na Elroy akalisikiliza hadi mlio ukaisha. Alikuwa ameshinda. Nyumba ni yake, mbuzi ni wake, na kimya chote kile pia ni chake.

Akaichukua bunduki aitundike mahali pake. Hapakuwa na mfuko wa kuungua wala kiti, na nyumba nzima haikuwa na mtu wa kukigusa kile kitufe kwa bahati mbaya. Alikishika kifuniko kwa dole lake jekundu, akakilegeza robo mzunguko.