Mashine ya Kaka Yenye Taa

Mimi kazi yangu ni kupachika picha juu ya picha: moshi juu ya jiji, maandishi juu ya moshi, vyote vitembee pamoja kama vilipigwa siku moja. Kaka yangu, tumbo moja, ndiye mwenye ofisi. Anavaa vizuri, anaongea na wateja. Kompyuta anajua kuiwasha.

Kituo kimoja cha televisheni kilitaka mtu wa kukitengenezea picha za kufungulia taarifa ya habari. Mtayarishaji wao angekuja kukaa pembeni yangu, aseme badilisha hiki, aone papo hapo. Nafasi hiyo niliingoja miaka sita, nikihariri video za mahafali.

Nikamwambia kaka, "Tukinunua mashine, pesa kubwa iende kwenye RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta. Matabaka yangu yote ya picha yanakaa humo, ikijaa picha zinakwama. Kadi ya picha ya kawaida inatosha."

"Ondoa shaka, mdogo wangu."

Akaenda peke yake. Muuzaji akamjaza upepo, akarudi na sanduku la kioo, kadi ya bei mbaya, feni tatu zinazowaka rangi. RAM? Kiduchu. "Ona inavyopendeza," akaniambia. Inapendeza kweli. Si angeiweka sebuleni kwake basi.

Mtayarishaji alikuja asubuhi, akaomba moshi uwe mwekundu kidogo. Nikabadilisha. Picha moja, ikakwama. Ya pili, ikakwama. Nikazima nusu ya matabaka, nikapunguza ubora, jasho likanitoka. Mwishowe skrini ikaganda kabisa.

"Mashine hii alichagua nani?" akauliza kwa upole.

Nikamtazama kaka. Kaka akatazama feni.

"Mdogo wangu huyu," akasema. "Mambo haya namwachia yeye."

Ningesema nini, nimwaibishe kaka yangu mbele ya mgeni? Nikaiwasha mashine upya, mjinga mimi.

Mkataba kaka aliupata, kwa sharti atafute fundi mwingine. Mimi nikaambiwa nipumzike kwanza nyumbani.

Jana kanipigia simu, sauti asali tupu. Fundi mpya analalamika picha zinakwama. Eti ile RAM niliyosema ni ipi? Nilitaka kumwambia amuulize aliyechagua mashine. Badala yake nikamtajia aina, nikamtajia ukubwa, nikamngoja aandike. Akasema asante, akakata. Nililia kwa hasira, na nyingi ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.