Intaneti Ilizinduliwa

Chiriku alikuwa amepiga magoti chini ya meza akitafuta soketi yenye umeme, blauzi aliyopigiwa pasi na shangazi yake ikianza kushika vumbi. Soketi ya kwanza ilikuwa imekufa, ya pili ikatoa cheche, ya tatu ikaiwasha projekta kwa kusitasita. Jina la Chiriku alipewa na wenzake kwa sababu akianza kueleza habari za tovuti hanyamazi mpaka umkubalie. Asubuhi hii mdomo ulikuwa umemkauka.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, watengeneza tovuti wa mji ule hukutana katika ukumbi wa halmashauri, mmoja wao akawaonyesha wenzake zana mpya. Wana mwiko mmoja: hakuna kuleta chakula kilichopikwa nyumbani. Mwenye zamu huja na kompyuta tupu, isiyo na hata punje ya zana hiyo, akaipakua na kujenga tovuti palepale mbele ya macho ya watu. Ikimgomea, mwezi unaofuata yeye ndiye mchemsha chai. Ni mchezo, lakini wanauheshimu kuliko wanavyoiheshimu saa ya kuanza.

Naye Chiriku, mwenye zamu siku hiyo, aliufuata mwiko huo kupita kiasi. Kabla ya kutoka nyumbani alifuta kila kitu: zana, mazoezi ya wiki nzima, hata nakala ya akiba kwenye flashi. Hakutaka aje mtu kusema amebebwa, na safari hii maneno yangemuuma kweli, maana kiti cha nyuma alikaa mgeni, dada mmoja wa kampuni iliyokuwa ikitafuta mtu wa kumwajiri, mtu anayeijua zana hiyohiyo. Tangu amalize chuo Chiriku ameishi kwa vibarua vya kuyatengenezea maduka tovuti, leo anacho, kesho hana. Shangazi aliyemlea kwa cherehani macho yameanza kumsaliti, na uzi hautungiki tena sindanoni bila kuita jirani. Chiriku aliitaka ajira ile ili shangazi apumzike, akaitaka mpaka usingizi ukampaa.

"Useme polepole," shangazi alimwambia mlangoni. "Watu hawaajiri cherehani."

Lakini sasa mtandao wa ukumbi haukushika. Chiriku alimfuata msimamizi ofisini kwake, akamweleza kwa adabu.

"Intaneti ipo," msimamizi alisema. "Ilizinduliwa."

"Ndiyo, mzee, ila haishiki."

"Mkubwa mwenyewe alikuja akakata utepe. Mimi nikisema haipo, nitakuwa nimesema nini?"

Chiriku alirudi ukumbini akakitazama kile kisanduku cha mtandao juu ukutani. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, na waya wake ulining'inia tu, haukuingia popote.

Aliyeokoa jahazi, au aliyejaribu, alikuwa Babu. Ni babu wa miaka thelathini na ushei, lakini katika kazi hii huo tayari ni uzee. Alisimama akawaomba wenzake wachange bando, kila mtu alilo nalo, yote yaingie kwenye simu moja. Wakachanga. Mmoja aliyekuwa amelitunza la kwake kwa ajili ya mchumba alilitoa, akasema wakiachana kundi limtafutie mwingine. Simu wakaiweka dirishani kwenye mtandao mzuri, Chiriku akaanza kupakua.

Zana yenyewe ni maneno machache tu ya kuandika, lakini ukiyaandika yanaita ukoo mzima: kila kipande kinamtaka nduguye, na ndugu ana wakwe. Mstari wa kupakua ukawa unatambaa. Chiriku akaona bora aongee. Akaeleza jinsi zana hiyo inavyokuwezesha kubadilisha neno moja na ukurasa ukabadilika hapohapo bila kuufungua upya, na polepole akasahau hofu, mikono ikaanza kucheza hewani. Watu wakacheka, mgeni akauliza swali, akajibiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa raha kumsikiliza.

Mstari ulisimama ukiwa umebakiza kidogo sana. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Bando lilikuwa limekwisha, na mle ndani hapakuwa na simu yenye kitu.

Mgeni alitazama saa, akaja mbele.

"Unaeleza vizuri, mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ila nilitumwa nimwone mtu akiijenga. Nikirudi niseme nilisimuliwa, hawatanielewa."

"Nipe siku nyingine, dada."

"Wanataka jibu leo. Kuna mwingine nakwenda kumwona, anafanya kazi kwenye ofisi yenye mtandao wake."

Alimshika bega, akaondoka. Chiriku alibaki amesimama, akimwaza shangazi na sindano yake.

Hapo ndipo msimamizi alipoingia, simu mkononi. Aliwaomba wakae karibukaribu, wafungue kompyuta, wazitazame kama watu walio kazini. Picha ilikuwa inatakiwa makao makuu, ya vijana wakinufaika na intaneti ya ukumbi.

"Tabasamuni kidogo, wanangu," alisema. "Nimedaiwa picha hii tangu uzinduzi, na mimi nina familia."

Chiriku alimwonea huruma, kwa kweli. Alijua pia kwamba ukumbi mwingine hawana. Hata hivyo aliketi, akaweka kiganja juu ya kompyuta yake, akaufunga mfuniko.

"Piga, mzee," alisema. "Tupo."

Babu akaifunga yake. Halafu yule mwenye mchumba, halafu safu nzima, mmoja baada ya mwingine. Msimamizi aliuliza mwezi ujao wanafikiri watakutania wapi. Walikaa wameweka mikono juu ya kompyuta zilizofungwa, wakimtazama, wakingoja apige.